Baga ya Kumi na Moja

Kolwezi, 4 Februari 2024

Tata Mwanamke mpendwa,

Nakusalimu wewe, na wote walio uani kwako, na hata yule mbuzi anayekula nguo za watu. Mimi ni mzima. Mvua inaingia chumbani kwangu upande wa kitanda. Nimehamisha kitanda mara mbili, nayo imenifuata mara mbili. Dada mkubwa, yaya Jessica, amejifungua mtoto wa kike salama. Kazini, maabara yetu sasa inapokea mawe ya machimbo mawili, kwa hiyo kutwa nzima nasaga mawe, napima shaba iliyomo, naandika namba. Naipenda kazi hii. Namba haikuulizi unafikiria nini.

Barua hii nampa Moussa wa malori kwa sababu simu yako inashika mtandao juu ya tuta la stesheni tu, na sitaki Kasaji nzima ikusikie ukiuliza, "Mwanaume gani?"

Yuko mwanaume. Anaitwa Ariel Kyungu, fundi umeme, anakaa Kapata katika nyumba ya kampuni aliyoachiwa na babu yake. Tulijuana alipokuja kutengeneza jenereta ya maabara. Mwanzoni mwa Desemba aliniuliza kama anaweza kuwatuma wajomba zake kwako Kasaji kupiga hodi. Tulikuwa tumekaa katika mgahawa mmoja wa mjini, na mbele yangu palikuwa na baga mbaya sana. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimwambia, "Nitakujibu siku tutakapokula baga nzuri katika mji huu."

Nilidhani nimefanya mzaha. Yeye alitoa kalamu, akageuza karatasi ya hesabu ya mgahawa, akaorodhesha migahawa kumi na sita ya Kolwezi. Tangu hapo kila Jumamosi saa sita anafika na pikipiki yake, kofia ngumu ya pili mkononi, na tunakwenda. Tumefika mgahawa wa nne. Baga nzuri hatujaipata.

Tangu Baba alipotutoka wewe, dada yake, ndiye baba yangu, basi nimekuambia. Tafadhali usimwambie baba mdogo Badibanga.

Mwanao,
Joyeuse

*

Kasaji, 27 Februari 2024

Mutoto wangu Joyeuse,

Jambo sana. Barua yako ilichelewa juu lori ya Moussa ililala siku tisa mu matope pembeni ya Mutshatsha. Mi niko muzima, mugongo tu njo inanisumbua. Malewa yangu ya chakula ya ku stesheni inaenda. Gari la moshi likikuya, watu banakula, lisipokuya, tunakula sisi. Mbuzi alikula nguo ya kanisa ya Mama Kabamba. Tuliongea, iliisha, lakini hatusalimiane.

Sasa ile mambo. Mara ya kwanza nilisoma nikafikiri baga ni ugonjwa. Moussa njo alinieleza: mukate, nyama ya kusaga katikati, na majani. Mutoto, hiyo ni mukate na nyama. Tunaikulaka mu gari la moshi tangu mi mudogo. Nani anatafutaka mukate na nyama Jumamosi yote, tena na pikipiki?

Mi nauliza kitu moja. Ule kijana, unamupenda ao haumupende? Jibu kwa mustari moja, itatosha.

Badibanga sitamuambia. Lakini anaanza kuuliza juu ya nini haujaolewa, na siwezi kumujibu, "Anakula."

Tata yako,
Ngalula

*

Kolwezi, 17 Machi 2024

Tata Mwanamke mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa mgongo na kwa Mama Kabamba. Mtoto wa yaya Jessica amepewa jina lako, Ngalula, na analia kwa sauti inayolistahili. Chumba kimepata bati jipya. Nimenenepa kidogo.

Uliniuliza swali. Kabla ya kulijibu nataka uelewe jinsi tunavyofanya kazi, kwa sababu jibu la haraka ni jibu bovu. Maabara hatupimi jiwe mara moja. Tunapima mara mbili, na namba mbili zikitofautiana tunapima ya tatu. Kwa hiyo kila mgahawa tunautembelea Jumamosi mbili. Nina daftari lenye mistari kama la kazini: mkate, nyama, mchuzi mweupe wa ndani, na kama baga inaweza kusimama yenyewe bila kushikwa. Tumemaliza migahawa saba.

Ya kwanza ilikuwa katika hoteli yenye bwawa, wanapokula wahandisi wa migodi. Nilikwenda na mizani ndogo ya maabara, nikaitoa nyama ndani ya mkate, nikaipima. Mhudumu aliona mizani, akaenda. Akarudi na mpishi. Mpishi akaenda, akarudi na meneja, naye meneja alikuwa amevaa koti. Waliamini nimetumwa na serikali. Nilitaka kusema ukweli, lakini Ariel aliinua mkono akasema, kwa uso wa mtu aliye msibani, "Madamu haongei akiwa kazini." Walituletea keki ambayo hatukuomba. Baga yenyewe ilikuwa na ladha ya friji.

Ya tatu ilikuwa kwa Wachina. Mkate wao haukuokwa, umepikwa kwa mvuke, mweupe na laini kama shavu la Ngalula mdogo, na ndani nyama ya nguruwe na tangawizi. Ilikuwa tamu sana. Ariel aliweka kijiko chini akasema basi, tumepata, nimjibu. Nilimwambia hiyo si baga. Akasema, "Kama ni tamu, jina la nini?" Tulibishana saa mbili. Wachina walitunywesha chai wakidhani tunaachana.

Ya tano ni ile ya barabara ya Dilala. Tuliuliza kama baga iko. Dada akasema iko, lakini nyama haiko. Tukala mkate na yai. Jumamosi iliyofuata nyama ilikuwepo, mkate ndio haukuwepo, kwa hiyo waliweka nyama katikati ya mabonge mawili ya bukari ya unga wa mahindi. Ariel alinawa mikono, akala bila neno, akasema hiyo ndiyo baga ya kwanza isiyojifanya. Niliandika sifuri, lakini niliicheka njia nzima, na nilifurahi kwamba kofia ilinificha uso.

Ya saba ilikuwa ndefu kama chupa, na ili isianguke walikuwa wameichoma msumari. Msumari wa kweli, wa mbao. Nilimwita mhudumu. Alisema, "Msiogope, tumeuosha."

Kama unavyoona, kazi bado ni nyingi.

Mwanao,
Joyeuse

*

Kasaji, 14 Aprili 2024

Mutoto wangu,

Jambo. Tuko bazima, mahindi imekauka. Mwambie Jessica asante juu ya jina. Nitakuya kumubeba ule mutoto mvua ikiisha.

Nilikuomba mustari moja. Uliniandikia karatasi tano juu ya mukate, tena na musumari ndani. Mustari yangu haiko.

Nakuambia mambo ya huku. Badibanga amekupatia mutu. Ni Kisimba, ule anauzisha bakinga, njo wanasemaka baiskeli kule kwenu. Bibi yake wa ndoa alikufa mwaka jana. Ni mutu muzuri, ana nyumba ya matofali, lakini anaongeaka juu ya mipira ya baiskeli tu, hata ku matanga. Watu ya nyumba yake banataka kukuya kupiga hodi mu mwezi wa munane. Badibanga alisema, kama Joyeuse hana mutu, wakuye. Mi nilisema tungoje. Siwezi kungojesha watu bila kuwaambia tunangoja nini.

Basi una hadi mwezi wa munane. Nisikie ndiyo, nitamufungia Kisimba mulango. Nisikie hapana, nitamufungulia. Lakini nisikie.

Tena, ule muchuzi mweupe unasema: wanaipikaka na nini? Mi nauliza tu.

Tata yako,
Ngalula

*

Kolwezi, 12 Mei 2024

Tata Mwanamke mpendwa,

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Mvua imekwisha, vumbi limeanza. Jana nilifua shuka nyeupe, ikakauka ikiwa na rangi ya matofali.

Mchuzi mweupe ni viini vya mayai na mafuta, unapigwa kwa muda mrefu, mafuta yanaingia tone kwa tone.

Baga ya nane, ya tisa na ya kumi hazikufaa. Ya kumi na moja tuliila Jumamosi ya tarehe nne, kwa Mama Malaika, meza nne nyuma ya mtu wa kuziba mipira ya magari. Mkate ulikuwa mkavu.

Jana hatukwenda. Ariel ana kazi nyingi.

Msalimie baba mdogo.

Joyeuse

*

Kasaji, 2 Juni 2024

Joyeuse,

Jambo. Tuko bazima.

Mi nilisoma shule ya masista miaka sita tu, lakini ninajua kuhesabu. Baga ya musumari uliipatia mistari mingi. Hii ya Mama Malaika, mustari moja. Tena ulisema kila pahali munaenda Jumamosi mbili. Pale mulienda moja.

Na kijana ambaye hakukosa Jumamosi tangu mwezi wa kumi na mbili, sasa ana kazi.

Kulitokea nini kwa Mama Malaika?

Ngalula

*

Kasaji, 7 Julai 2024

Mutoto wangu Joyeuse,

Jambo. Asubui baridi inauma. Mbuzi tulimukula siku ya ubatizo ya mutoto wa katekista, na Mama Kabamba njo alikuya wa kwanza na sahani. Tunasalimiana tena.

Wiki tano haujajibu. Moussa anasema uko muzima lakini umekonda. Vizuri, utakuwa umeacha baga. Mi nitakuambia yangu.

Mwisho wa mwezi wa sita mafundi batatu balikuya toka Kolwezi kuweka ile bioo ya jua ya kutoa umeme ku paa ya misioni. Padri alibatuma kula kwangu. Siku ya kwanza babili balikaa ku meza. Wa tatu alisimama kule ku magunia ya makala ya kupikia, anaangalia viatu yake. Mukubwa wao akaita, "Ariel, kuya kula, bukari inapoa." Mi nilikuwa na mwiko mu mukono. Nilipakua sahani ya tatu.

Alikuya. Alishika sahani na mikono mbili, akainama, akanigeuzia mugongo, akaenda kula nyuma ya jiko. Wenzake banacheka. Moja alisema ana haya juu anakulaka kama bata. Kesho yake, tena vile. Siku ya tatu, tena vile.

Wewe ulikulia kwa masista na mu maabara, pengine haujue. Kwetu mwanaume hakulake mbele ya mama-mukwe yake. Mume wangu, marehemu Mukuna, alikula bukari ya mama yangu miaka mbili nyuma ya nyumba, hata mvua ikinyesha, mpaka siku walimupikia kuku ya kumuingiza mu nyumba. Lakini Mukuna alikuwa amekuya na wajomba, na kila kitu. Huyu nani alimuambia mi ni mukwe yake? Hakuna mutu alipiga hodi kwangu. Angetaka, angekaa ku meza, aniite mama mama, anichekeshe, anisifie mboga. Kisimba wiki ile ile alikula sahani mbili mbele ya macho yangu, akaniomba pilipili, akanieleza juu ya pompi ya baiskeli.

Basi nikasema nimupime. Wewe haupimi peke yako.

Nilinunua mikate ya duara ku gari la moshi. Nyama ya ngombe nilitwanga mu kinu na kitunguu. Ule muchuzi nilipiga tone kwa tone vile uliandika, mpaka mukono ikakufa. Siku ya tano niliwapa. Wale babili bakashika mumoja mumoja, bakafunga macho. Mukubwa akauliza kama nilisoma Ulaya. Ariel nikamupa yake mwenyewe ku mukono. Ilikuwa ya moto, mafuta inatoka pembeni. Nikaona koo yake inapanda inashuka. Nikajua leo atakula hapa.

Akasema asante, akageuka.

Nikamuita. Nikamuambia, "Kijana, juu ya nini unaendaka kula kama mwizi?"

Hakuniangalia. Alisema, "Mama, hapa siwezi."

Maneno ile tu. Hakusema jina yako. Mi nilienda, Mungu anisamehe, nikachungulia mu ukuta ya nyasi ya jiko. Alikaa juu ya gunia, akaikula pole pole, kisha akalamba karatasi. Akakaa kidogo. Akakunja karatasi, akaiweka mu mufuko. Alikuwa na huzuni, mutoto. Baga yangu ni nzuri, haikuwa juu ya baga.

Bamemaliza paa, balirudi Kolwezi juma iliyopita. Badibanga anasema watu ya Kisimba batakuya tarehe tano ya mwezi wa munane.

Naingoja mustari yangu.

Tata yako,
Ngalula

*

Kolwezi, 28 Julai 2024

Tata Mwanamke mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi ni wazima; Ngalula mdogo ana jino moja na analitumia kwa kila mtu. Moussa amekubali kungoja nimalize kuandika. Amekaa hapa nje kwenye lori na anapiga honi kila ninapoinua kalamu, kwa hiyo barua hii inapaswa kukufikia mapema, kabla ya wageni wowote.

Mstari uliouomba tangu Februari ni huu: nampenda.

Sasa nikuambie la Mama Malaika. Nilikuandikia uongo. Mkate haukuwa mkavu. Mama Malaika anaoka mwenyewe, katika pipa, nyuma ya magurudumu. Vitunguu vyake vinapikwa polepole mpaka viwe kama asali. Nyama anaikata kwa kisu, hasagi. Nilisahau mizani mfukoni. Nilisahau daftari. Nilipomaliza niliinua macho, Ariel alikuwa ananitazama, baga yake haijaguswa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja namba kutoka maabara. Aliuliza, "Basi?" Nikasema mkate ulikuwa mkavu.

Hakubisha, yeye anayebisha kila kitu. Alinirudisha nyumbani, akachukua kofia ya pili, akaifunga nyuma ya pikipiki. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nami sikupiga simu.

Nimefikiria sana kwa nini nilisema vile. Maabara tukipata jiwe lenye shaba nyingi kupita kawaida, hatufurahi. Tunasema chombo kilikuwa kichafu, tunatupa, tunaanza upya. Miaka mitatu nimefundishwa kutoamini namba nzuri. Nilidhani hiyo ndiyo akili. Wewe ulipomchungulia kupitia nyasi za jiko ulijua kwa siku tano. Mimi nilikuwa na Jumamosi ishirini na moja, mizani, na daftari.

Barua yako ilifika Ijumaa wiki iliyopita. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaisoma kwa yaya Jessica, naye akaniuliza kama mimi ni mjinga kwa kuzaliwa au nimesomea. Jumapili nikapanda pikipiki ya kukodi hadi Kapata. Nilimkuta Ariel juu ya ngazi, ameshika nyaya mbili, na nilijua nikingoja ashuke nitaghairi. Nikamwambia palepale chini ya ngazi, mbele ya jirani aliyekuwa anaanika mihogo, kwamba ile ya Mama Malaika ilikuwa nzuri.

Alisema, "Najua."

Nikamuuliza amejuaje.

"Ulinyamaza dakika kumi. Wewe hunyamazi, Joyeuse. Hata kanisani unaongea peke yako kwa sauti."

Jirani aliitikia kwa kichwa, sijui yeye ananijulia wapi.

Nilimuuliza kwa nini basi hakunibishia siku ile. Alisema baga ilikuwa yangu kuipima, si yake, na kwamba mtu akitaka kukukataa kwa sababu ya mkate, mwache, hana la kusema lingine. Halafu akauliza, akiangalia nyaya, kama nimepata habari yoyote kutoka Kasaji. Nikasema nimepata. Masikio yake yakawa mekundu kama barabara. Sikumwambia kwamba ulichungulia. Hilo nakuachia wewe, siku mtakayompikia kuku.

Lakini nilimwambia kwamba sheria ni sheria, na kwa Mama Malaika tulikuwa tumekwenda mara moja tu. Jana Jumamosi, saa sita, alifika na kofia mbili.

Mama Malaika hakuwa na nyama. Alituambia tungoje, amemtuma mtu sokoni. Tuliingoja nyama saa mbili, tukimtazama jamaa wa mipira akiziba gurudumu la lori, na sikuhesabu dakika. Baga zilipofika mizani ilikuwa nyumbani, nimeiacha makusudi. Ariel hakugusa yake. Aliniacha niume, na mdomo wangu ulipojaa kabisa, mchuzi umefika hadi kwenye kidevu, ndipo aliponiuliza tena kama wajomba zake waje Kasaji.

Nilimjibu hapohapo. Alisema hakusikia, eti jamaa anapiga nyundo. Jamaa alikuwa ameacha nyundo zamani, amesimama anatutazama, na Mama Malaika naye, na mwenye lori.

Watakuja tarehe tatu, wajomba wawili na shangazi mmoja. Mfungie Kisimba mlango kwa upole, na umwambie baba mdogo Badibanga kila kitu, hata msumari.

Nami, mbele yao wote, nilimeza, nikarudia: ndiyo.

Mwanao,
Joyeuse